Kesi ya mauaji ikifika Mahakama ya Rufani, kinachopimwa ni karatasi

Hukumu za rufaa zinazomnusuru aliyehukumiwa kunyongwa nchini Tanzania huishia kwenye maneno yale yale: mrufani aachiwe huru mara moja, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Kwa majaji ni maneno ya kila siku. Kwa ndugu wa marehemu ni kama kaburi limefukuliwa upya.

Kesho yake habari inapanda mtandaoni na maoni yanafurika. Mtu alikiri polisi, panga lilikutwa kwake, Mahakama Kuu ikamhukumu kifo, leo majaji watatu wanamfungulia mlango kwa sababu eti maelezo yake hayakusomwa kwa sauti mahakamani? Hasira hiyo naielewa. Ila imesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba rufaa ni kesi inayosikilizwa mara ya pili na majaji wanaulizwa: huyu aliua, hakuua? Hawaulizwi hivyo. Wanaulizwa kama yaliyoandikwa katika mwenendo wa kesi yanatosha kumtia mtu hatiani bila kuacha shaka, na kama yaliingia humo kwa njia inayokubalika. Maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo, na rufaa nyingi za mauaji hushinda au hushindwa katika tofauti hiyo.

(Rufaa au rufani? Sheria na jina la mahakama yenyewe zinatumia rufani. Mtaani, magazetini na hata kwa mawakili wengi ni rufaa. Nitachanganya, kama tunavyochanganya sote.)

Turudi nyuma kidogo. Kesi ya mauaji huanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambayo haina mamlaka ya kuisikiliza. Ndiyo maana siku ya kwanza mshtakiwa huambiwa asijibu lolote, na kwa kuwa mauaji hayana dhamana, anarudishwa mahabusu upelelezi ukiendelea. Ukikamilika, anasomewa maelezo ya mashahidi na nyaraka zitakazotumika dhidi yake, kisha jalada linapelekwa Mahakama Kuu. Wengi huiona hatua hiyo kama ya kupitisha muda. Lakini ina meno: nyaraka ambayo haikusomwa pale haiingii kirahisi kwenye kesi baadaye, na ikipenyezwa bila utaratibu, wakili wa mrufani ataikumbuka.

Mahakama Kuu, au hakimu mkazi aliyeongezewa mamlaka, ndiyo inayosikiliza mashahidi. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayesababisha kifo cha mwenzake kwa nia ovu, kwa kitendo au kutotenda kusikohalali, ana hatia ya mauaji. Kifungu cha 197 kinampa jaji adhabu moja tu, kifo. Hakuna kupima umri wa mshtakiwa, watoto wanaomtegemea, wala kwamba ni kosa lake la kwanza. Walio nje ya adhabu hiyo ni aliyekuwa na umri chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na mwanamke mjamzito.

Kuanzia hapo saa inahesabu. Aliyetiwa hatiani ana siku 30 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Akiwa gerezani, na wa kesi hizi karibu wote wako gerezani, anaipitisha kwa mkuu wa gereza. Haombi kibali cha mtu, na anaweza kulalamikia jambo lolote, la sheria au la ushahidi. Kisichokatiwa rufaa ni adhabu yenyewe, kwa kuwa imewekwa na sheria na wala si uamuzi wa jaji. Lishike hilo, nitalirudia.

Baada ya notisi, Msajili anaandaa kumbukumbu za rufani: hati ya mashtaka, ushahidi wote ulivyoandikwa, vielelezo, hukumu. Mrufani akishakabidhiwa ana siku 21 za kuleta sababu zake. Hapo ndipo unapokutana na zile hati zilizoandikwa kwa mkono gerezani, sababu kumi na mbili au kumi na tano, kila moja ikianza na “Kwamba jaji alikosea…”, nyingi zikiwa ni jambo lile lile lililogeuzwa mara nne. Usizicheke. Kwa miongo mingi wafungwa walikuwa wakikabidhiwa kumbukumbu za Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawaisomi, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa kawaida baadaye anapangiwa wakili kwa gharama za Serikali, na wakili huyo huja na sababu mbili au tatu zenye uzito na kuomba zile nyingine ziondolewe.

Siku ya kusikilizwa hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Mahakama hii, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na kufa na mahakama yake ya rufaa, husafiri kufanya vikao Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma, Tabora na kwingineko. Wanakaa majaji watatu. Mrufani yupo, askari magereza yuko karibu naye, na mazungumzo yote ni ya namba za kurasa. “Waheshimiwa majaji, tuelekee ukurasa wa 47.” Kurasa zinafunuliwa. Wakili wa mrufani anaeleza, wakili wa Serikali anajibu kwa niaba ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, majaji wanauliza maswali yao, na mambo yanaweza kuwa yamekwisha kabla ya saa sita mchana. Anayekwenda kutazama akitarajia machozi na vidole vya kushutumu hurudi nyumbani ameboreka.

Na mara nyingine wakili wa Serikali anasimama na kusema anaiunga mkono rufaa. Watu hushtuka kusikia hivyo, ilhali ni jambo la kawaida: ameisoma kumbukumbu akaona haimbebi. Hata hivyo majaji hawafungwi na kauli yake, wanaipima wenyewe.

Hii ni rufaa ya kwanza, na rufaa ya kwanza ina sifa yake. Tangu mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilipolisema hilo mwaka 1957, mrufani ana haki ya ushahidi wote kupimwa upya kutoka mwanzo, na mahakama ya juu kufikia hitimisho lake yenyewe. Haitoshi majaji kusema jaji wa chini hakukosea sana. Lakini kuna kitu hawana: hawakuwaona mashahidi. Hawakuona nani alijikanyaga, nani alijibu huku anatazama sakafu. Katika hilo wanampa nafasi jaji aliyewaona. Katika mengine yote, kama jambo halimo kwenye kumbukumbu, halikutokea.

Nichukue mfano wa kutunga, maana ni hapa watu wengi hupotea. Saa nane usiku mlango unavunjwa. Wanaingia watu watatu, mume anakatwa panga, watu wanatoweka. Mke anamtaja mmoja wao, jirani wa nyumba ya nne. Mahakamani anaongozwa na wakili wa Serikali kutoa ushahidi, na kumbukumbu inasomeka hivi: “Nilimtambua kwa mwanga wa taa ya sola. Namfahamu, ni jirani yetu.” Basi. Mistari miwili. Jaji alimtazama mama yule, akamwamini, na mtu akahukumiwa kunyongwa.

Miaka kadhaa baadaye majaji watatu wanaisoma mistari hiyo miwili wakiwa na shauri la Waziri Amani mkononi (hilo ni jina la mrufani, si cheo). Uamuzi huo wa mwaka 1980 ndio kipimo cha utambuzi wa kuona hapa nchini, na unasema mahakama isiutegemee ushahidi wa aina hiyo mpaka uwezekano wote wa kukosea mtu uwe umeondolewa. Kwa hiyo wanauliza. Taa ilikuwa wapi, mezani au imening'inizwa? Mwanga wake ulikuwa na nguvu gani? Yule mtu alisimama umbali gani? Alimwona kwa dakika ngapi, au ni sekunde? Uso ulikuwa wazi au umefunikwa? Palikuwa na kitu cha kumzuia kuona vizuri? Halafu linakuja swali ambalo naona ndilo zito kuliko yote: majirani waliokimbilia yowe aliwatajia jina? Mwenyekiti wa kitongoji je? Polisi, katika maelezo yake ya kwanza kabisa? Shahidi anayemtaja mtu pale pale, kwa mtu wa kwanza anayefika, ana uzito. Anayemtaja baada ya siku nne lazima aeleze zile siku nne zilikwenda wapi.

Inawezekana kabisa mama yule anayo majibu yote. Taa ilikuwa juu ya kabati, jirani alisimama hatua mbili kutoka kwake, alimwona mpaka kovu la shavuni, na jina alilitaja kabla damu haijakauka. Hakuulizwa. Majaji wa rufaa hawawezi kumwita wamuulize leo. Kanuni zinaruhusu ushahidi wa ziada, ila kwa nadra sana, na si kwa ajili ya kumfanyia Jamhuri kazi aliyoiacha. Mrufani anaachiwa. Mtandaoni watu wanasema mahakama haikumwamini mjane. Si kweli. Wakili aliyemwongoza ndiye aliyemnyima maswali.

Na msingi wa ukali huo si kwamba mashahidi ni waongo. Mwongo hukamatika akibanwa kwa maswali. Tatizo ni shahidi mkweli aliyekosea: anajiamini, halegei, analia machozi ya kweli, na bado amemtaja mtu ambaye hakuwepo.

Sasa lile la maelezo ambayo hayakusomwa. Mtuhumiwa akikamatwa, polisi wana saa nne za kumhoji na kuandika maelezo yake ya onyo, yale anayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, labda waongezewe muda kwa utaratibu. Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, huko nako huandikwa maelezo mengine ya kukiri. Mahakamani, Jamhuri ikitaka kutumia maelezo hayo na mshtakiwa akapinga kwamba alipigwa au kuahidiwa kitu, kesi kuu inasimama na kufanyika kesi ndani ya kesi ili kujua kama alikiri kwa hiari. Maelezo yakipokelewa kama kielelezo, lazima yasomwe kwa sauti. Yasiposomwa, kwenye rufaa yanafutwa katika kumbukumbu kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

Utaratibu huo unaonekana wa kipuuzi mpaka ujiweke kizimbani. Hujui kusoma vizuri. Kuna karatasi inayosema umekiri kuua. Imepita kutoka kwa polisi kwenda kwa wakili, kutoka kwa wakili kwenda kwa karani, karani akaipiga mhuri, jaji akaiweka pembeni. Kila mtu chumbani ana kilichomo mbele yake isipokuwa wewe, na wewe ndiye unayetarajiwa kujitetea dhidi yake. Kuisoma kwa sauti ndiyo nafasi ya mshtakiwa kusikia, mbele ya jaji atakayemhukumu, maneno yaliyowekwa kinywani mwake.

Jambo lisilotajwa sana kwenye maoni ya mitandaoni ni kwamba kufutwa kwa kielelezo mara nyingi hakumwokoi mrufani. Majaji hufuta, kisha huuliza: kilichobaki kinatosha? Ripoti ya uchunguzi wa mwili ikiondolewa kwa kutosomwa, daktari aliyesimama na kueleza kwa mdomo kwamba marehemu alikuwa na majeraha matatu ya kichwani bado yupo kwenye kumbukumbu, na ushahidi wake unabeba. Panga likiondolewa kwa sababu mnyororo wa utunzaji umekatika (nani alilichukua eneo la tukio, alimkabidhi nani, lililala stoo ipi), bado kunaweza kuwa na mashahidi watatu waliomkamata mtu akiwa juu ya maiti. Na kasoro ambayo haikumdhuru mrufani katika haki yake hufumbiwa macho. Tuseme wazi pia kwamba zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Hadi mwaka 2022 kesi za mauaji zilikuwa lazima zisikilizwe na wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji na kumpa maoni yao, na kesi nyingi zilibatilishwa kwa sababu tu jaji hakuwaeleza wazee hao vizuri hoja za kisheria, au aliwaacha wawabane mashahidi kwa maswali kama mawakili. Sheria iliporekebishwa mwaka huo na ulazima huo kuondolewa, sababu moja kubwa ya rufaa ikafifia.

Nilisema nitarudi kwenye adhabu. Kwa kuwa kifo hakikatiwi rufaa, na huruma haina mlango Mahakama Kuu, kila kitu ambacho kwingine kingezungumzwa wakati wa kupunguza adhabu hapa kinalazimika kuingia kupitia neno moja: nia. Nia ovu ikiwepo, ni kuua kwa kukusudia na kamba. Isipokuwepo, ni kuua bila kukusudia, na jaji ana uhuru wa kutoa kuanzia kifungo kifupi hadi cha maisha. Ndiyo maana utakuta rufaa nzima ambayo mrufani habishi kwamba mkono wake ndio uliopiga. Anabishia moyo wake ulikuwa wapi.

Majaji hawana kipimo cha moyo, kwa hiyo wanasoma nje. Silaha ilikuwa gani na ya ukubwa gani? Nguvu iliyotumika? Pigo lilitua wapi, mguuni au shingoni? Yalikuwa mapigo mangapi? Alitamka nini kabla? Alifanya nini baadaye, alikimbia au alimbeba majeruhi kumpeleka zahanati? Ugomvi wa kilabuni ulioanza ghafla, watu wakigombana, mmoja akaokota gongo lililokuwa karibu na kupiga mara moja, una sura tofauti kabisa na mtu aliyekwenda nyumbani, akanoa panga, akarudi. Sheria inatambua pia mtu aliyechokozwa kiasi cha mtu wa kawaida kupoteza uwezo wa kujizuia, mradi alipiga kabla hasira haijapata nafasi ya kupoa. Kupoa huko kwa hasira ndiko kunakopiganiwa: dakika tano, au safari ya kwenda nyumbani na kurudi?

Rufaa ikikubaliwa kwa sehemu hii, mahakama inabadili kosa kuwa kuua bila kukusudia na kupanga adhabu yenyewe, na kwa mtu aliyeozea rumande na gerezani miaka mingi inaweza kuwa kiasi cha kumtoa siku hiyo hiyo. Ikikubaliwa yote, hatia inafutwa. Ikikataliwa, imetupwa. Na ipo njia ya nne inayowachanganya watu: mwenendo wote unabatilishwa na kuamriwa kesi ianze upya. Hiyo si ushindi wala kushindwa. Haitolewi ovyo pia. Tangu uamuzi wa mwaka 1966 wa mahakama ile ya Afrika Mashariki, kesi hurudiwa pale ambapo ya kwanza ilikuwa batili au na kasoro kubwa, na kamwe si kwa ajili ya kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Yule mama wa taa ya sola hawezi kurudishwa kizimbani akaulizwe yaliyosahaulika. Ingekuwa hivyo, hakuna aliyeshinda rufaa ambaye angelala usingizi.

Ndugu wa marehemu hawana rufaa yao. Anayeweza kupinga mtu kuachiwa na Mahakama Kuu ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si familia. Wakati mwingine hawajui hata kama rufaa imesikilizwa, wanakutana na mtu sokoni. Katika mfumo mzima, hili ndilo ninaloona gumu kulitetea.

Rufaa ikitupwa, kuna milango midogo. Ndani ya siku 60 mfungwa anaweza kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake yenyewe, lakini kwa sababu chache mno: kosa linaloonekana wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa kusikilizwa, hukumu iliyopatikana kwa hila, na nyingine za namna hiyo. Anayekuja kuijenga rufaa upya kwa jina la mapitio anarudishwa haraka. Ilikuwepo pia njia ya kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko, na mwezi huo huo, tarehe 28, mahakama hiyo ikatoa uamuzi katika shauri lililokuwa tayari mbele yake: adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, inavunja haki ya kuishi. Kenya, Mahakama ya Juu ilikuwa imeshafikia uamuzi wa mwelekeo huo Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu. Tanzania yenyewe swali lilikuwa limeshafika mbali zaidi: jaji wa Mahakama Kuu aliitamka adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 1994, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema Katiba bado inairuhusu.

Kinachobaki baada ya hapo ni ibara ya 45 ya Katiba, huruma ya Rais, ambaye anaweza kusamehe au kubadili kifo kuwa kifungo. Rais asipotia saini, hakuna kunyonga, na tangu mwaka 1994 hajanyongwa mtu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba yeye hatasaini. Marais hubadilika, na kifungu cha 197 hakijawahi kuongezwa neno “maisha”. Kwa hiyo mtu ambaye rufaa yake ilitupwa asubuhi moja Tabora au Bukoba anarudishwa kwenye selo ya waliohukumiwa kifo, na anakaa huko bila tarehe.